Reli Nne za Mutambala

Jumatano moja, mpunga ukiwa umebakiza wiki mbili tu kukomaa, Komanda Vainqueur aliingia uani kwa mzee Raphaël, akaketi kwenye kiti bila kukaribishwa, akaivua kofia ya mzee kutoka kichwani pake, akaivaa yeye, kisha akatangaza kwamba daraja limeuzwa.

Mama Rosette, mke wa Raphaël, alikuwa chini anamenya mihogo. Kisu kikasimama mkononi. Jina lake la ubatizo lilikuwa Adolphine, lakini tangu amzae Rosette hakuna aliyemwita hivyo ila padri, na Rosette mwenyewe alikuwa amekwisha kukimbilia ng'ambo ya ziwa na wanawe.

"Inauzishwa na nani?" aliuliza.

"Na mi, mama. Kuko mufanyabiashara moja wa ng'ambo, anatafuta chuma. Siku ya posho lori inakuya. Tunabeba zile reli zote ine mpaka Baraka, ku bandari, zinaingia mu bato. Salongo ya kijiji muzima." Akamgeukia Raphaël. "Na we, papa, utaleta ile kle yako, ufungue buloni. Banasema we njo kapita wa hapa."

Salongo, kwa asiyeijua, ni kazi ambayo mkubwa huiita ya wote ili asiilipe. Tangu vita ya pili ianze, kijiji kilikuwa kimefanya salongo ya kumchimbia komanda handaki, salongo ya kumfyekea uwanja, na salongo ya kumtafutia mbuzi aliyepotea, ambaye baadaye ilijulikana kwamba aliliwa na walinzi wake. Watu walizifanya zote huku wakinung'unika. Lakini daraja!

Ng'ambo ya mkono ule wa mto Mutambala ndiko uliko uwanda wote, nyasi na mpunga mpaka macho yachoke. Huku upande wa nyumba hakuna kitu, ni vilima vya mawe na mihogo ya kubembeleza. Mto wenyewe si mpana, lakini wakati wa mvua una kina na una hasira. Kabla ya zile reli, kila mwaka ulikuwa unachukua mwanamke mmoja au wawili pamoja na mzigo wa mpunga kichwani. Ndiyo maana, miaka minane kabla ya Vainqueur kufika, kila nyumba ilitoa gunia la mpunga, yakapelekwa Kalemie, na zikarudi reli nne chakavu zilizong'olewa kwenye njia ya treni. Waliozibeba kutoka ziwani mpaka mtoni ni wanaume wa kijiji hiki hiki, kwa mabega yao, na aliyewaongoza ni Raphaël, ambaye alikuwa amezeeka akiwa kapita, yaani msimamizi wa kazi, wa reli kule Kalemie.

Mzee alisimama bila kofia. Kichwa chake chenye upara kilionekana kidogo kuliko siku zote, na Mama Rosette aliona uchungu kwa kile kichwa kuliko hata kwa daraja.

"Komanda," Raphaël alisema, "zile buloni mi njo nilizifunga. Sitazifungua."

"Unasema?"

"Umesikia."

Walimlaza pale pale kwenye maganda ya mihogo ya mkewe. Askari wawili walimshika miguu, wa tatu akampiga kwa kitako cha bunduki, na Vainqueur hakuinuka kitini. Mama Rosette alipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. Majirani walitoka, wakasimama kando ya ua, wakatazama chini. Ile kle, spana ya kufungulia buloni, waliitafuta nyumba nzima, wakamwaga chumvi, wakapasua mto wa kulalia, wasiione. Basi wakamchukua mwenye spana.

*

Walimfunga katika ghala la zamani la pamba, karibu na kambi yao. Kesho yake jioni Mama Rosette alimpelekea bugali na mukebuka mmoja mkavu, samaki wa mwisho nyumbani. Mlinzi wa mlangoni alifunua sahani, akanusa.

"Onja, mama. Pengine umeweka sumu."

Akaonja bugali. Akaambiwa aonje na samaki, mkia, kisha tumbo. Alipomaliza kuonja, mlinzi alisema sasa amehakikisha ni salama, akamtwaa samaki, akaanza kumla mbele yake, akitema miiba miguuni pake. Mwanamke wa miaka hamsini na nane alisimama akimsubiri kijana yule amalize, ndipo aruhusiwe kuingia kwa mumewe na bugali tupu. Machozi yalimjaa, akayakatalia.

Raphaël alikuwa ameegemea ukuta. Mdomo ulikuwa umevimba, na kila alipovuta pumzi alishika ubavu wa kushoto.

"Samaki iko wapi?" aliuliza. "Nimesikia harufu yake."

"Imekwenda salongo."

Alitaka kucheka, ubavu ukamkataza. Akala matonge matatu, kisha akaweka sahani chini.

"Mama Rosette, nafikiri nimefanya ujinga. Hata bila kle yangu, watakata buloni na patasi. Reli zitatoka tu. Na kesho kutwa watafanya batu babebe bila muitaji. Unajua vile inakuwa. Chuma kitakula batu miguu."

Alijua. Reli moja ina uzito wa wanaume watatu au zaidi, na haiinuliwi kwa nguvu, inainuliwa kwa sauti. Watu kumi na wawili wakiinua kila mtu kwa wakati wake, mmoja wao atavunjika mgongo. Kwa hiyo lazima awepo mwitaji. Raphaël alikuwa akiita kwa majina ya stesheni, kwa kufuata safari ya treni. Akisema "Kalemie!" wote wanainama na kukamata. "Nyemba!" wanainua mpaka begani. "Nyunzu!" wanatembea, mguu wa kulia kwanza. Na "Kabalo!" ndio mwisho wa safari: wote wanatupa chuma upande wa kushoto kwa pigo moja na kuruka kulia, kwa sababu reli haiwekwi chini polepole. Ukiiweka polepole inabaki na vidole vya mtu.

"Basi nitawaitia," mzee alisema. "Nitamwambia komanda nimekubali. Heri daraja liende kuliko batoto ba batu bavunjike."

"Utawaitia na kifua gani?"

Akajaribu. Akafungua kinywa, akavuta hewa, na kilichotoka ni kikohozi chenye damu. Akatazama pembeni.

"Nitaita mi," Mama Rosette alisema.

"Hakuna mwanamuke ameshaita reli."

"Mi nimelala miaka kumi na tisa mu kambi ya reli, baba Rosette. Kila asubuhi unaniamusha na Kalemie, Nyemba. Siku ile ulilewa ukasahau Nyunzu, nani alikukumbusha kupitia dirisha?"

Ilikuwa kweli, na kambi nzima ilimcheka mwezi mzima.

Mama Rosette akasogea karibu, akashusha sauti. "Niambie kitu kimoja. Toka darajani mpaka barabarani, njia inafuata ukingo. Pale penye lile shimo la maji, mto uko upande gani ya babebaji?"

"Kushoto."

"Na lile shimo lina kina gani sasa?"

"Batu batatu bakisimama mabegani."

"Na kiangazi?"

"Kiangazi inafika ku magoti. Kwa nini una—" Akamtazama mkewe kwa lile jicho moja lililoweza kufunguka, na uso wake wote uliovimba ukaanza kuwaka polepole. "Adolphine," alisema. Miaka mingi hakuwa amemwita hivyo. "Watakuua."

"Naogopa," alikiri. "Lakini nimechoka kuonja samaki wangu mbele ya vitoto."

*

Siku ya posho asubuhi, yaani Jumamosi, kijiji kizima kilikusanywa mtoni. Askari walikuwa wamekwisha kukata buloni na kung'oa mbao. Reli nne zilivutwa kwa kamba, moja moja, mpaka zote zikalala ukingoni upande wa nyumba. Ng'ambo, mpunga ulikuwa unang'aa rangi ya asali changa, na wanawake waliokuwa wameupalilia kwa mgongo walisimama wakiutazama. Suzanne, jirani wa Mama Rosette na mkubwa wa likelemba yao, ile ya wanawake wanaolimiana shamba kwa zamu, alimwomba komanda wiki mbili tu, wavune kwanza.

"Wiki mbili!" Vainqueur alicheka. Ile kofia ya mzee ya reli ilikuwa bado kichwani mwake, ameigeuza nyuma mbele. "Lori ni ya batu, inarudi saa sita, we unanipa wiki mbili. Mutaogelea."

Wanaume kumi na wawili wakasukumwa kwenye reli ya kwanza. Askari akapiga filimbi. Wengine wakainua, wengine wakawa bado wanainama, chuma kikapinduka, na Roger, fundi wa baiskeli, akaanguka akipiga ukelele. Vidole viwili vya mguu wake wa kulia havikuwa tena vidole. Askari waliona afadhali kuwachapa wote kwa fimbo kuliko kuuliza kosa liko wapi. Mwingine akawekwa mahali pake, wakajaribu mara ya pili, reli ikafika magotini na kurudi chini.

Hapo Mama Rosette akatoka kwenye kundi la wanawake. Alikuwa amejifunga kitenge vizuri na kichwani amepiga kitambaa cha kanisani.

"Komanda, hii kazi iko na muitaji wake. Bila muitaji mutafika saa sita na reli iko hapa hapa."

"Na muitaji wenu nimemuvunja." Askari wakacheka.

"Mi najua kuita."

"We, mama?" Vainqueur alimtazama toka juu hadi chini, akafurahi sana. Kwake hilo lilikuwa burudani ya asubuhi. "Haya, imba basi, tusikie."

"Siimbi bure. Reli moja, muntu moja. Hii ya kwanza ikifika barabarani salama, unanifungulia muzee. Zingine zinafuata."

Komanda aliangalia saa yake, akaangalia lori kule juu, akaona hajapoteza kitu. Mzee aliyevunjika mbavu ni mdomo tu wa kulisha. "Sawa, mama kapita," alisema, na akampigia saluti kwa dhihaka.

Mama Rosette akapanda juu ya kisiki. Akawatazama wale wanaume kumi na wawili. Walikuwa wale wale waliobeba miaka minane iliyopita, wamekonda, wawili nafasi zao zimechukuliwa na wadogo zao. Akajaza kifua.

"Kalemie!"

Migongo kumi na miwili ikainama pamoja. Hata yeye alishtuka.

"Nyemba!"

Chuma kikapanda mabegani kana kwamba kimekuwa mti mkavu.

"Nyunzu! Nyunzu! Nyunzu!"

Wakaenda, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, wakafuata ukingo, wakapita penye shimo la maji, wakapanda mpaka barabarani. "Kabalo!" Reli ikaanguka kando ya lori kwa mlio mmoja safi, hakuna mguu uliobaki chini yake. Askari wakapiga makofi. Wanawake hawakupiga. Kuna waliomtazama Mama Rosette kwa macho mabaya kabisa, na Suzanne akatema mate chini. Hilo lilimchoma kuliko maneno ya komanda, lakini hakuwa na la kuwaambia mbele ya bunduki.

Raphaël akaletwa, anashikwa makwapa, wakamwachia chini pale ukingoni kama gunia. Akajikokota, akakaa, akatulia.

"Saa ngapi?" Mama Rosette aliuliza kwa sauti.

"Saa tano na nusu," akajibu Vainqueur.

"Basi hatutafika. Leta batu ishirini na bane. Tubebe mbili pamoja, moja nyuma ya ingine."

Komanda alilipenda sana wazo hilo. Yeye mwenyewe alisaidia kupanga watu kwa fimbo yake. Mbele kumi na wawili, nyuma kumi na wawili, reli mbili zimelala mfululizo. Mama Rosette hakubaki kwenye kisiki. Alitembea pembeni yao kama kapita wa kweli.

"Kalemie!" Wakainama. "Nyemba!" Zikapanda zote mbili. "Nyunzu! Nyunzu!"

Walipofika penye shimo la maji, reli zote mbili zikiwa sambamba na ukingo na mto uko kushoto, akamtazama mumewe. Raphaël aliinua kidevu, kidogo tu.

"KABALO!"

Labda mtu mwenye muda wa kufikiri angesita. Lakini wale hawakuwa na muda. Mwili wa mbebaji unajua mwitaji akisema Kabalo, ukichelewa unakufa. Wanaume ishirini na wanne walitupa kushoto na kuruka kulia. Zikaenda. Maji yakapanda juu kuliko vichwa vyao, yakawarudia usoni, kisha mto ukafunga, ukaendelea na safari zake.

Halafu wale wanaume wakaona walichofanya, na wakaanza kupiga kelele, si za hofu.

"Nini hii! Nini hii!" Vainqueur alikuja mbio akichomoa bastola. "Mama! Unafanya nini?"

"Nimeita, komanda. Babebaji bamesikia."

Alimpiga kofi lililomwangusha. Na hapo ndipo, askari wote wakiwa wameelekea huku, macho yote kwa yule mwanamke aliye chini, sauti kali ya Suzanne ilisikika kule nyuma: "Kalemie, bamama!" Reli ya nne ilikuwa bado imelala pale pale ukingoni. Wanawake zaidi ya thelathini waliivamia, wengine kwa mikono, wengine kwa mitalimbo ya askari, na Roger aliyekuwa amekaa chini na mguu wake umefungwa shati alisukuma kwa mguu ule mzima. Hawakuwa na nidhamu yoyote na haikuwa kazi ya kupendeza. Ilibingirika mara moja, ikakwama, ikabingirika tena.

"Kabalo!" walipiga kelele wanawake wote, na ikaenda.

Vainqueur akafyatua risasi. Hakumpiga mtu, aliupiga mto. Alipiga risasi nne ndani ya maji, moja baada ya nyingine, na mto haukumjibu. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamziba mdomo, lakini kicheko kilikuwa kimetoka na komanda alikisikia.

"Ingieni! Ingieni mutoe!"

"Tufunge nini, komanda?" Roger aliuliza kutoka chini. "Kamba ikifika kule chini nani ataifunga? Sisi ni bakulima. Pengine basoda banajua kuogelea."

Askari wakatazamana. Walikuwa watu wa mbali, watu wa nchi kavu. Hakuna hata mmoja aliyesogea karibu na maji.

*

Wasidhani wenye kusoma kwamba liliishia kwenye kicheko. Mchana ule Mama Rosette alichapwa viboko ishirini mbele ya watu, amelala juu ya kile kile kisiki. Nyumba yao ilichomwa moto, na kile kiti alichokalia komanda kikapandishwa kwenye lori pamoja na ile reli moja iliyokuwa bei ya kumkomboa Raphaël. Nusu ya kuku wa kijiji walikwenda nao. Lakini alipokuwa amelala kifudifudi nyumbani kwa Suzanne, mgongo umepakwa mafuta ya mawese, wanawake wote wa likelemba walipita mmoja mmoja kumpa pole, na Suzanne alikaa miguuni pake akilia kwa aibu.

"Nilitema mate, dada. Unisamehe."

"Ungenitemea zaidi, komanda angeamini vizuri zaidi," alisema Mama Rosette, na wote wakacheka, naye akacheka mpaka mgongo ukampigisha yowe.

Mpunga ulivunwa. Mtumbwi usiowahi kuona mto uliletwa kwa mabega kutoka ziwani, ukavusha watu watano watano, na kwa mara ya kwanza bila daraja, mto haukuchukua mtu. Vainqueur na watu wake walihamishwa kabla mvua haijaisha, wakapelekwa upande wa Lulimba kwenye dhahabu, na kofia ya Raphaël ikaenda nao.

Mwezi wa saba maji yalishuka magotini. Zile reli tatu zilikuwa pale pale, zimelala kwa utulivu, zimevaa kutu na matope. Siku ya kuzitoa, wakubwa wapya wa vita walikuwa wamekwisha kufika. Komanda wao, mrefu, mwenye miwani, alishuka mpaka mtoni na askari sita kuangalia kelele za nini. Alikuta wanaume kumi na wawili wamesimama majini, na ile spana, ambayo miezi yote mitatu ilikuwa imelala ndani ya mtungi wa mbegu za Suzanne, inang'aa kwenye jiwe.

"Nani amewapa ruhusa?" aliuliza. "Nani kapita wa hii kazi?"

Raphaël alikuwa amekaa kivulini na fimbo yake, kichwa wazi. Kifua chake hakikurudi kuwa kifua tena. Angeweza kusema ni yeye. Kwa miaka yote alikuwa ni yeye. Aliinua fimbo, akaonyesha kisiki.

"Kapita iko pale," alisema. "Ulizeni yeye."

Yule komanda akageuka. Mama Rosette alimwona, aliona na bunduki sita, na mgongo wake ukakumbuka kila kiboko kimoja kimoja. Hakushuka kwenye kisiki. Akajaza kifua.

"Kalemie!" aliita, na migongo kumi na miwili ikainama.